Simba wa Nyika Waliovuka Namanga

Wiki hii twende Karatu, mji wa udongo mwekundu ambako magari ya watalii husimama kujaza mafuta kabla ya kupanda kwenye lango la Ngorongoro. Hivi karibuni nilikuwa nimekaa pale katika baa moja, redio ikapiga "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Kijana mmoja, dereva wa watalii, akatikisa kichwa kwa raha akasema, "Wakenya hawa walijua muziki bwana!" Wenzake wote wakaafiki.

Sikuweza kunyamaza. Muziki ule umepita kwenye mkoa wao wenyewe.

Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walikuwa vijana wa Tanga. Mwaka 1966 walijiunga na Jamhuri Jazz, bendi iliyokuwa ikishindana vikali na Atomic Jazz ya mji huohuo. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, na pamoja na ndugu yao mwingine, William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walikuwa wameshavuka Namanga na kuingia Kenya, wakajiita Simba Wanyika. Hebu lifikirie jina hilo. Nairobi hakuna simba wa kumwimba mtu isipokuwa katika hifadhi yake pembeni ya mji. Nyika yenyewe ni hii inayoanzia Makuyuni na kuishia chini ya ukuta wa Bonde la Ufa.

Kwa nini wasikae Arusha? Mji haukuwa mdogo wa kudharauliwa. Tangu mwaka 1967 ulikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, una watu wa mishahara na kumbi za kuchezea. Lakini bendi hailishwi na makofi ya ukumbini. Bendi inataka magitaa, vikuza sauti, ngoma, na mahali pa kurekodi santuri ikauzwa. Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, na ukifika huko utarekodiwa na Radio Tanzania, wimbo utapigwa hewani nchi nzima, kisha utepe utawekwa kabatini. Kiwanda cha kutengeneza santuri hatukuwa nacho. Kutoka Arusha hadi Nairobi ni kama kilomita 270, na huko kulikuwa na studio, kiwanda na wafanyabiashara wenye pesa mkononi. Wewe ungekwenda wapi?

Kuna na suala la vyombo. Baada ya NUTA Jazz kuanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, mtindo ukaenea: magitaa ni ya taasisi, mwanamuziki analipwa mshahara. Jeshi likawa na bendi, polisi nao, umoja wa vijana nao. Mimi siubezi mpango huo, maana bila huo wengi wasingeshika gitaa la umeme maisha yao yote. Ila ulikuwa na upande wake wa pili: ukigombana na bosi, unaondoka mikono mitupu. Akina Kinyonga walitaka bendi yao wenyewe.

Vijana wa muziki wa roki yaliwakuta yaleyale, tena zaidi. Ikumbukwe kwamba mwaka 1969 wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, ati unawaharibu vijana. Katika hali hiyo ilitokea Sunburst, kundi la Dar es Salaam lililochanganya roki na midundo ya kwetu, mwimbaji wake akiwa James Mpungo. Albamu yao, Ave Africa, ni ya mwaka 1976, na ilitoka wakiwa Zambia, ambako magitaa ya roki yalikuwa yamepata wenyeji. Ilichukua miaka 40, hadi 2016, kampuni ya Uingereza kuitoa upya. Waliouliza "hawa ni wa wapi?" walikuwa wengi, na baadhi yao ni Watanzania.

Turudi Namanga. Februari 1977 Jumuiya ikiwa inavunjika, mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1978, baadhi ya wanamuziki wa Simba Wanyika walijitenga wakaanzisha Les Wanyika, wakiwamo Omar Shabani na baadaye John Ngereza, wote Watanzania. Mtu wa Arusha au Karatu hakuweza kwenda kuwaona. Lakini mawimbi ya redio hayaombi pasipoti. Walisikika kama sauti kutoka nchi ya jirani, na kizazi kizima kikakua kikiamini hivyo. Yule dereva hakudanganya, alirithi tu.

George Kinyonga alifariki mwaka 1992, Wilson akafuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo.

Mwaka mmoja baadaye, 1996, vijana wa Arusha walianzisha X Plastaz. Hao walirap, wakamwingiza na mwimbaji wa Kimasai, Yamat Ole Meipuko. Wamasai, kama walivyo wale wa Ngorongoro, hawategemei ngoma. Koo ndiyo ngoma yao, kwa hiyo safari hii suala la nani anamiliki magitaa halikuwapo. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitoka mwaka 2004. Kampuni iliyoitoa ilikuwa ya Ujerumani.