Muhimbili: maabara za nani?

Wadau, kimya changu kisiwatishe. Chuo kimetutawanya kwa mazoezi ya kufundisha, mimi nikaangukia nyumbani kabisa, Majengo, Songea. Mdogo wangu yuko kidato cha sita, PCB, anataka Muhimbili tu, hasikii la mtu. Juzi usiku kaniuliza: "Dada, hivi maabara za utafiti pale alijenga nani?" Mtu wa Historia kama mimi nijibu "serikali" halafu basi? Nikaona aibu, nikafungua madaftari.

Shule ya udaktari Dar es Salaam ilianza 1963. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Nchi ilikuwa na shida ya madaktari, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kufundisha, sio kutafiti. Nani alaumu?

Kilichogeuza mambo, jamani, ni Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera 1983. Mwaka 1986 ukaanza ushirikiano na Sweden wa utafiti wa VVU, na hapo ndipo fedha zilipoanza kuonekana. Zilinunua vifaa vya maabara, tena zikasomesha wahadhiri wetu uzamivu, huku wakienda Sweden na kurudi. Kwangu mimi hiyo ya kusomesha ndiyo ya maana zaidi, maana mashine huharibika, mtu aliyesoma anasomesha wengine.

Mwaka 1991 kitivo kikawa chuo kishiriki. Mwaka 1995 Muhimbili na Harvard wakaanza kuwapa vitamini wajawazito zaidi ya 1,000 wenye VVU pale Dar. Matokeo yaliyotoka 2004 yalionyesha kwamba vidonge vile vya bei rahisi vilichelewesha ugonjwa kukua. Dunia nzima ilisoma kazi ile! Mwaka 2007, mwaka uleule chuo kilipopata hadhi kamili na kuitwa MUHAS, likaanza jaribio la chanjo ya VVU kwa watu 60 waliojitolea. Mnajua ni akina nani? Askari polisi wa Dar. Huwa nacheka watu wakisema polisi hawana moyo.

Majengo nayo yakakua. Hospitali ya kufundishia ya Mloganzila ilizinduliwa Novemba 2017, kwa mkopo wa Korea Kusini. Mkopo tunalipa wenyewe, kwa hiyo ile naihesabu yetu. Lakini utafiti wenyewe uliendelea kutegemea sana mifuko ya nje, na anayelipa ndiye anachagua swali. Kosa letu sio kupokea. Tulipokea miaka mingi bila kuweka chetu cha kutosha.

Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Hapa mtaani kuna dada aliyekuwa na mkataba kwenye mradi mmoja wa afya. Alirudi na begi, sasa anauza vitenge. Ana shahada ya sayansi ya maabara, yaani.

Dogo kasikiliza yote, katulia kidogo. Halafu: "Sasa mimi nikitaka kutafiti kichocho cha Ziwa Nyasa, nani atanilipa?"

Nimemwambia akalale, asubuhi ana jaribio la Fizikia. Mimi mwenyewe sijalala vizuri.