Sugu

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo alifika pwani na sugu begani. Neno hilohilo limetupa malaria sugu, mdaiwa sugu na sasa kemikali sugu: jamii ya PFAS, zilizomo katika baadhi ya mapovu ya kuzimia moto wa mafuta, vitambaa visivyolowa na vikaango visivyogandisha. Kaboni na florini zimeshikana humo kiasi kwamba jua na vijidudu vya udongo haviziachanishi.

Wapo wanaoziita “kemikali za milele”. Jina hilo silipendi, milele tuwaachie mashehe na mapadri. Mkataba wa kimataifa wa Stockholm, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, uliiwekea PFOS, mojawapo ya kemikali hizi, vizuizi mwaka 2009, na mwaka 2019 ukaiorodhesha nyingine, PFOA, miongoni mwa za kukomeshwa, ingawa kwa misamaha kadhaa. Viwanda vinaweza kuacha kuzitumia. Zilizokwisha kuingia ardhini ndizo ngumu kuzitoa.

Msomaji asizichanganye na floridi inayotia meno rangi ya kahawia kule Arusha. Ile hutoka kwenye miamba ya volkano, hakuna kiwanda kilichoitengeneza.