Farumi na Mgao: Umeme, Betri na Kioo cha Kompyuta katika Historia ya Likasi

1. Utangulizi

Mwalimu wa elimu ya juu mjini Likasi anayekwenda kufundisha kwa kompyuta ya kubebeka huchukua pamoja nayo vitu ambavyo havimo katika mpango wa somo: waya wa kuchajia, hesabu ya saa ambazo umeme unakisiwa kuwapo, na kipande cha chaki. Kabla ya kutoka nyumbani amekwisha kupunguza mwanga wa kioo, amefunga programu asizozihitaji, na ameamua ni picha zipi zionyeshwe kwanza iwapo umeme utakatika katikati ya somo.

Mgeni anaweza kudhani kwamba uangalifu huo ni desturi ya mji ambao umeme umechelewa kuufikia. Dhana hiyo si sahihi. Likasi ni mji uliokua pamoja na umeme, na madini ya eneo lake yamo katika historia yenyewe ya betri. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi hali hizo mbili zilivyokutana, na kuonyesha kwamba uchaguzi mdogo unaofanywa juu ya kioo cha kompyuta una mizizi katika maamuzi makubwa yaliyofanywa tangu miaka ya 1920 kuhusu nani apewe umeme kwanza.

2. Maporomoko ya Lufira na viwanda vya shaba

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Likasi, ambayo Wabelgiji waliiita Jadotville kuanzia mwaka 1931 kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot, na ambayo ilirudishiwa jina lake mwaka 1966, ilikua kando ya viwanda vya kampuni hiyo vya Panda na Shituru. Kusafisha shaba kwa njia ya elektrolisi, kama ilivyofanywa Shituru, huhitaji umeme mwingi usiokatika. Bamba la shaba hukua polepole ndani ya tangi la asidi, usiku na mchana, kwa kadiri mkondo wa umeme unavyopita. Mkondo ukisimama, kazi yote husimama.

Kwa sababu hiyo umeme ulitafutwa kwa ajili ya shaba kabla ya kutafutwa kwa ajili ya watu. Kituo cha Mwadingusha, kilichojengwa kwenye maporomoko yaliyoitwa Cornet wakati huo, katika mto Lufira kaskazini-mashariki ya Likasi, kilianza kazi mwaka 1930. Kituo cha Koni, katika mto uo huo, kilifuata mwaka 1950. Kisha kampuni iligeukia mto Lualaba na kujenga Nzilo na Nseke katika miaka ya 1950. Nyaya zilitoka mtoni zikaenda kiwandani, na nyumba ziliunganishwa baadaye, kwa kutegemea ukaribu wake na kiwanda na cheo cha wakazi wake.

Uhuru wa mwaka 1960 haukuugeuza mpango huo. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na shirika lililoirithi likaja kuitwa Gécamines. Shirika la umeme la taifa, SNEL, liliundwa mwaka 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikamilika waya mkubwa kutoka Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, hadi Kolwezi, mwendo wa kilomita 1,700 hivi. Waya huo ulikusudiwa hasa kwa migodi. Ulipita juu ya vijiji vingi bila kuviangaza, kwa kuwa ulibeba mkondo mnyoofu wa nguvu kubwa sana, na mkondo wa namna hiyo hauchotwi njiani ila kwa mitambo ya gharama kubwa.

Katika miaka ya 1990 uzalishaji wa Gécamines ulianguka, na mitambo ya umeme ikachakaa kwa kukosa vipuri na matengenezo. Baada ya Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, makampuni mapya yalikuja Katanga, na mahitaji ya umeme yakapanda tena haraka kuliko ukarabati wa vituo. Sheria ya mwaka 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa wawekezaji wengine. Mwaka 2021 kituo cha Mwadingusha kilirudi kazini, takriban megawati 78, baada ya kukarabatiwa kwa ushirikiano wa SNEL na mgodi wa Kamoa-Kakula ulioko karibu na Kolwezi, na mgodi huo ukawa mpokeaji mkuu wa nafuu hiyo. Miaka 91 baada ya kuanzishwa kwake, maji ya Lufira yalikuwa bado yanakwenda kwanza mgodini.

3. Kobalti na betri

Viwanda vya Likasi havikushughulikia shaba peke yake. Kobalti, ambayo katika ardhi ya Katanga hupatikana pamoja na shaba, ilisafishwa humo pia, na kwa miongo mingi nchi hii imekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa madini hayo duniani. Kwa muda mrefu matumizi yake makuu yalikuwa katika vyuma vinavyostahimili joto kali, sumaku na rangi ya buluu.

Mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya lithi na kobalti yaweza kuwa ncha chanya ya betri yenye nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Nchini Japani Akira Yoshino aliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuuza betri za aina hiyo. Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Katika miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake huchimbwa katika ukanda unaotoka Kolwezi hadi Lubumbashi kupitia Likasi.

Hakuna awezaye kusema kobalti iliyomo katika betri fulani ilitoka shimo lipi. Hata hivyo inatosha kukumbuka kwamba madini husafiri kutoka Katanga yakiwa unga na hurudi Likasi yakiwa ndani ya kompyuta, kwa bei ambayo mwalimu hulipa kwa miezi mingi ya mshahara. Betri iliyorudi ndiyo inayojaza pengo la umeme ambao uchimbaji wake uliutangulia kuuchukua.

4. Kuhifadhi nguvu na kuonyesha

Kompyuta za kwanza za kubebeka hazikuwa na tatizo la kuhifadhi nguvu, kwa kuwa hazikuwa na nguvu ya kuhifadhi. Osborne 1, iliyotoka mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na haikuwa na betri ndani yake. Betri zilipoingia, ilibidi pawe na kanuni za kuzitumia kwa uangalifu. Mwaka 1992 makampuni ya Intel na Microsoft yalitoa kanuni za kwanza za pamoja za usimamizi wa umeme, na mwisho wa mwaka 1996, pamoja na Toshiba, yakatoa kanuni mpya zilizouhamisha uamuzi huo kutoka kwenye programu ya msingi ya mashine hadi kwenye mfumo endeshi. Tangu hapo mtumiaji aliweza kuchagua mwenyewe lini kioo kififie na lini mashine ilale. Mwaka 2007 Windows Vista ilikusanya katika dirisha moja mwanga wa kioo, sauti, hali ya betri, kioo cha nje na hali ya onyesho.

Mgongano unaomhusu mwalimu wa Likasi umo ndani ya dirisha hilo. Hali ya kuhifadhi nguvu humfikiria mtu mmoja aliye peke yake, ambaye hupunguza mwanga ili kazi yake ifike mwisho. Hali ya onyesho hulifikiria kundi: huzuia mashine isilale, hunyamazisha taarifa za kushtukiza, na huacha kioo kikiwaka muda wote. Hali ya kwanza huchukulia kwamba umeme haupo. Ya pili huchukulia kwamba upo. Darasani Likasi mambo hayo mawili huweza kuwa kweli katika saa moja.

Hesabu yake ni rahisi. Betri ya wati-saa 50, ikiilisha kompyuta inayotumia wati 20, hudumu saa mbili na nusu. Mwanga wa kioo ukipunguzwa na mawasiliano ya hewani yakizimwa hadi matumizi yawe wati 10, hudumu saa tano. Lakini projekta ya kawaida ya darasani hutumia wati 250 au zaidi. Hata kama ingewezekana kuiunganisha na betri hiyo, ingeimaliza kwa dakika 12. Kwa hiyo umeme unapokatika, kompyuta huendelea kuwaka mbele ya mwalimu, na ukuta wa darasa huwa giza. Aliyejiwekea akiba ana somo lake; wanafunzi hawana.

Uzoefu umewafundisha watumiaji mbinu kadhaa. Safarini, kwa mfano katika kilomita 120 hivi za barabara kati ya Lubumbashi na Likasi, ni heri mashine iandike kazi yake kwenye diski na kuzimika kabisa kuliko kulala tu, kwa sababu mashine iliyolala huendelea kula betri, na betri ikiisha kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Mwanzoni mwa somo huonyeshwa kwanza ramani na picha, yaani mambo yasiyoweza kuchorwa kwa chaki, maandishi hungoja. Tena wataalamu hushauri betri ya lithi isikae imejaa muda wote, hasa mahali penye joto. Ushauri huo ni sahihi, lakini humfaa yule anayejua kwamba kesho umeme utakuwapo. Asiyejua hujaza betri kila apatapo nafasi, na hivyo huifupishia maisha.

5. Maneno mawili

Lugha nayo ina ushahidi wake. Kwa kukatwa umeme kwa zamu, watu wa Kongo hutumia neno la Kifaransa délestage. Asili yake ni ya mabaharia: lest ni farumi, yaani mawe au mchanga uwekwao chini ya chombo ili kisipinduke, na délester ni kuitupa ili chombo kiwe chepesi. Nchini Tanzania jambo lilo hilo huitwa mgao wa umeme, kutokana na kugawa.

Maneno hayo mawili hutaja tendo moja kwa kulitazama kutoka pande mbili. Neno la kwanza ni la mwenye mtambo: mtaa uliozimwa ni mzigo ulioondolewa ili mtambo usianguke. Neno la pili ni la mpokeaji: kila mmoja ana fungu, na aliyenyimwa leo ana haki ya kuuliza zamu yake ni lini. Farumi haiulizi. Wala isidhaniwe kwamba neno zuri huleta umeme. Miji ya Tanzania imekaa gizani mara nyingi chini ya neno mgao. Lakini neno lenye fungu ndani yake humpa msemaji mahali pa kuanzia dai lake.

6. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba upungufu wa umeme katika madarasa ya Likasi haukutokana na ukosefu wa mito wala wa ufundi. Ulitokana na utaratibu uliowekwa tangu Mwadingusha, wa kuiweka shaba mbele, na ambao umedumu chini ya serikali na makampuni tofauti. Betri imempa mwalimu uwezo wa kujikinga, na ustadi wa kuitumia unastahili kufundishwa. Hata hivyo kinga hiyo ni ya mtu mmoja na kioo chake. Onyesho, kwa maana ya kuwawezesha watu arobaini kuona kitu kimoja kwa pamoja, haliwezi kubebwa mkobani. Hilo hutaka umeme ukutani, na umeme ukutani hutaka fungu la darasa lihesabiwe pale maji ya Lufira yanapogawanywa.