Uzi Uliokatika: Asili ya Elimu ya Kupunguza Hasara Viwandani

Wengi wakisikia jinsi viwanda vya vipuri vya magari vinavyopunguza hasara, hudhani kwamba elimu hiyo ilizaliwa penye chuma na grisi. Sivyo. Ilizaliwa penye pamba. Kwa hiyo habari zake zatuhusu sana sisi tukaao kandokando ya Ziwa Viktoria, na hasa watu wa Igoma, mjini Mwanza, upande ambao kiwanda cha nguo cha MWATEX kilijengwa baada ya uhuru ili pamba ya Usukuma ifumwe papa hapa.

Huko Japani alikuwako mwana wa seremala, Sakichi Toyoda, aliyezaliwa mwaka 1867. Mitambo ya kufumia ya siku zake ilikuwa na ila moja kubwa: uzi ulipokatika, mtambo haukujua. Uliendelea kufuma, na jora likatoka na kasoro, isipokuwa pamesimama mtu wa kuulinda. Toyoda alibuni vifaa vya kuusimamisha mara uzi ukatikapo, na mwaka 1924 yeye na mwanawe Kiichiro walikamilisha mtambo uliojiendesha wenyewe. Tokea hapo mfumaji mmoja aliweza kuangalia mitambo mingi, maana uliopata shida ulimwita kwa kusimama. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, ilinunua haki ya kutengeneza mtambo huo. Kiichiro akageukia magari, na kampuni ya Toyota ikaundwa mwaka 1937.

Aliyeivusha fikra hiyo kutoka nguo hata chuma ni Taiichi Ohno, aliyeanza kazi katika kiwanda cha nguo cha akina Toyoda mwaka 1932, akahamia kwenye magari mwaka 1943. Baada ya vita Japani ilikuwa fukara, na kipuri kilichoharibika kilikuwa msiba. Ohno alizihesabu hasara saba: kutengeneza kupita haja, kungoja, kuchukua vitu huku na huko, kazi isiyo ya lazima, kurundika akiba, mwendo wa bure, na kasoro. Ya kwanza aliiona mbaya kuliko zote, maana huzificha nyingine. Tazama ekseli: ikichongwa vibaya asubuhi na kasoro isigunduliwe ila jioni, kilichopotea si chuma chake tu, bali na nguvu za kila mkono ulioishughulikia. Ndiyo sababu mfanyakazi wa kawaida alipewa ruhusa ya kuisimamisha kazi aonapo kasoro. Huko Marekani, mwaka ule ule wa 1924, Walter Shewhart alikuwa amechora chati ya kutenga tofauti za kawaida na zile zenye sababu maalumu. Na mwaka 1950 W. Edwards Deming aliwafundisha Wajapani hesabu hizo.

Msomaji asidhani kwamba hekima hii haikupata kujulikana kwetu. Wakulima wa Usukuma walichambua pamba nyumbani kabla ya kuipeleka kwenye ghala la chama: nyeupe isiyo na doa ikaitwa safi, iliyochujuka au kuchafuka ikaitwa fifi, na kila moja ikawa na bei yake. Katika vyama hivyo, vilivyounganishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, kasoro ilizuiwa kwenye mkono wa kwanza. Biashara ya pamba ilipofunguliwa mwaka 1994, wanunuzi wengi waliingia, wakashindania uzito, na kwa kawaida wakalipa bei moja kwa pamba yote. Mwenye kuchambua na asiyechambua wakalingana. Fifi ikachanganyika na safi, na maji na mchanga navyo vikapandishwa mizanini.

Wakulima hawakusahau kuchambua. Malipo ya kuchambua ndiyo yaliyoondoka. Mwaka 2013 Wizara ya Viwanda na Biashara, ikisaidiwa na Japani, ilianza kuwafunza wenye viwanda njia ya kaizeni, yaani kutengeneza mambo hatua kwa hatua pasipo kukoma. Ni jambo jema. Lakini kanuni zilizobandikwa ukutani hazitoshi. Toyoda aliupa mtambo uwezo wa kusimama. Ohno alimpa mfanyakazi ruhusa. Chama kilimpa mkulima bei. Kiwanda kinachomkata mshahara anayesimamisha mashine kitaendelea kurundika vipuri vibovu, hata kikiwa na chati mia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapana budi mwenye kuuona ufa awe na ruhusa ya kuuziba, na apate ujira wake.