Kisira: mkate wa Koboko usiojua tanuri

Anayetafuta tanuri katika jiko la shamba huko Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, atatoka mikono mitupu. Atakuta mafiga matatu, chungu cha maji, jiwe la kusagia lililobonyea katikati na, ikiwa nyumba ni ya Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudani, bamba jeusi la duara liitwalo doka. Hilo ndilo tanuri. Mkate wake ni kisira, mwembamba hata ukiuinua mlangoni kivuli cha vidole vyako huonekana upande wa pili.

Kisira cha leo kilianza jana. Unga wa mtama hukorogwa kwa maji, hutiwa kikombe cha rojo lililobaki la safari iliyopita, hufunikwa, na usiku kucha huchachuka. Asubuhi huongezwa unga kidogo wa ngano ili kisikatike, jambo ambalo mabibi wengine hulitazama kwa jicho la pembeni: kwao, mkate unaohitaji ngano ni mkate wa mkono usiojua kazi. Doka hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta. Upawa mmoja wa rojo humwagwa, kisha kipande cha jani la mtende hulitandaza kwa mizunguko miwili mitatu. Kisira hakigeuzwi. Kingo zikianza kuinuka zenyewe, kinabanduliwa na kuwekwa juu ya vingine, chini ya tabaga, ule mfuniko wa kusuka wenye rangi nyingi ambao kila mama wa Kinubi anajivunia kuliko vyombo vyake vyote.

Jina kisira ni la Sudani, na lilifika huku kwa njia ya vita. Mwaka 1878 Emin Pasha, daktari aliyezaliwa Oppeln kwa jina la Eduard Schnitzer, alifanywa gavana wa Ikweta, jimbo la kusini kabisa la Sudani iliyokuwa chini ya Misri. Januari 1885 Khartoum ikaanguka mikononi mwa waasi waliomfuata Mahdi, njia ya kaskazini ikafungwa, naye Emin akasogea kusini na watu wake hadi Wadelai, ukingoni mwa Nile, ndani ya eneo ambalo leo ni West Nile ya Uganda. Mvumbuzi Henry Morton Stanley alikuja kumchukua, wakaondoka kuelekea pwani mwaka 1889. Askari wengi walibaki nyuma na ofisa wao Selim Bey karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 Frederick Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwakuta huko na kuwaingiza katika utumishi wa Waingereza.

Vitabu huishia kwa askari. Lakini msafara ule aliouchukua Lugard ulikuwa na watu wapatao 8,000, na wenye bunduki hawakufika 1,000. Waliosalia walikuwa wanawake, watoto, watumwa na wapagazi. Nani aliwalisha? Wake wa askari walitoka makabila mengi ya huko huko Ikweta, hawakuwa na lugha moja ya mama. Walikutana kwenye Kiarabu cha kambini kilichozaa Kinubi, na walikutana kwenye mtama. Mtama waliujua tangu kwao, doka wakalijua kambini. Ndiyo maana nasema Wanubi walizaliwa jikoni kabla hawajazaliwa kwenye gwaride, na ndiyo maana kisira kile kile utakikuta Bombo, Arua, Koboko na hata Kibera jijini Nairobi.

Majirani Walugbara hawakuwa na haja ya bamba. Chakula chao ni enyasa, sima nzito ya ulezi au mtama iliyochanganywa na unga wa muhogo, inayosongwa mpaka mwiko usimame. Katika nyumba ya zamani kila mke alikuwa na mafiga yake na ghala lake la nafaka. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi kati yao kuanzia 1949, aliyaona hayo. Muhogo ni mgeni katika sima hiyo. Ulitoka Amerika, na serikali ya kikoloni iliuhimiza kama akiba ya njaa, kwa kuwa nzige hawachimbi mizizi.

West Nile yenyewe iliingizwa Uganda mwaka 1914, Arua ikawa boma. Pamoja na boma zikaja maduka ya Wahindi, misheni na kambi ya jeshi, na unga mweupe wa ngano ukapata wateja. Mandazi na chapati ziliingia na majina yake, hazikutafutiwa mengine. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa King's African Rifles, na vijana wengi wa mkoa huu walivaa sare hiyo. Keki ilipotakiwa siku ya harusi, sufuria iligeuzwa tanuri: makaa chini, makaa juu ya mfuniko, na mtu mmoja asiyeondoka hapo.

Kisha, baada ya Rais Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudani kwa maelfu. Wengine walikaa miaka kadhaa kabla ya kurudi. Aliyeishi upande wa Yei, huko Sudani, alikula kisira kwa jirani, awe Mnubi au asiwe.

Tangu Agosti 2016, makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yalipofunguliwa wilayani Yumbe, mambo yamegeuka: sasa Wasudani Kusini ndio wageni. Mgao ukija na mtama, akina mama wanajua la kufanya. Tofauti kati ya jiko lao na la Wanubi ni ndogo lakini wapishi huzibishania: bamia zilizokaushwa na kusagwa au bamia mbichi kwenye mchuzi, doka la udongo au bamba la chuma. Chuma hushika moto upesi na hakivunjiki njiani. Wapenzi wa udongo hujibu kwamba kisira cha chuma huwahi kukauka kingo, na hapo hakuna aliyewahi kukubali kushindwa.