Trela ya mashua: Jinsi ya kukarabati breki na springi zilizoliwa na chumvi

GARI huchakaa kwa kutembea, lakini trela ya mashua huchakaa zaidi kwa kusimama.

Breki za matatu hukanyagwa mamia ya mara kwa siku na joto la msuguano huzikausha. Trela ya mashua huvutwa mwendo mfupi hadi ufuoni, magurudumu yake yakazamishwa baharini, kisha ikaegeshwa chini ya mvinje kwa wiki kadhaa huku chumvi ikiendelea na kazi yake mahali ambapo jicho halifiki.

Ndiyo maana ubovu wake mara nyingi hugunduliwa siku ambayo breki zenyewe zinahitajika: gari likiteremka kuelekea daraja la Mtwapa au la Kilifi, na mzigo wa tani mbili ulio nyuma ukikataa kusimama.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yataka kila chombo cha barabarani kidumishwe katika hali isiyohatarisha maisha ya watu. Trela haikusazwa. Ina nambari yake ya usajili inayoanza kwa herufi Z, na dereva anayeivuta ndiye anayewajibika inapoacha njia au inapopoteza gurudumu.

Chumvi inavyopenya

Kila lita ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi. Maji hayo peke yake yatosha kuanzisha kutu, lakini hatari kubwa zaidi hutokana na joto.

Trela inapofika ufuoni baada ya safari, habu za magurudumu huwa moto na hewa iliyomo ndani huwa imetanuka. Zikizamishwa papo hapo, hewa hiyo hupoa ghafla na kunywea, nayo huyavuta maji ya bahari kupitia kwenye sili hadi ndani ya beringi.

Katika pwani ya Kenya, ambako wakati wa bamvua tofauti baina ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu, trela hulazimika kusukumwa mbali wakati wa kupwa. Kwa hivyo haizami magurudumu tu bali hata ekseli, springi na mabomba ya breki. Trela za Ziwa Victoria na Naivasha huepuka chumvi, ingawa hazisalimiki na matope.

Dalili za mapema

Kabla ya kufungua nati yoyote, fundi mwangalifu husimama nyuma ya trela ikiwa juu ya sakafu tambarare na kuitazama.

Mashua ikilalia upande mmoja, au nafasi iliyo kati ya gurudumu na madigadi ikitofautiana kushoto na kulia, springi ya upande ulioshuka imechoka au imevunjika bamba. Tairi ikilika ukingo mmoja, huenda ekseli imepinda au imehama. Jambo hili huthibitishwa kwa utepe: umbali kutoka kichwa cha kiungio hadi kila ncha ya ekseli sharti uwe sawa.

Baada ya safari fupi, kiganja kisogezwe karibu na kila habu bila kuigusa. Habu iliyo moto kuliko mwenzake yaashiria breki inayokwama au beringi inayokufa.

Trela nyingi za mashua zenye breki hutumia mfumo wa kusukumwa. Gari linapopunguza mwendo, trela hulisukuma kwa nyuma, mtaimbo wa kiungio hurudi ndani, na msukumo huo hukaza breki kwa waya au kwa mafuta. Mtaimbo huo ukisukumwa kwa mkono wafaa kuingia kwa shida na kurudi polepole. Ukiingia na kugonga kwa kishindo, shokabsoba yake imekwisha.

Usalama kwanza

Inapowezekana mashua ishushwe kabla ya kazi kuanza. Isipowezekana, trela ifungwe kwenye gari, magurudumu yasiyoinuliwa yawekewe vizuizi, na nati zilegezwe kabla ya jeki kupanda.

Jeki iwekwe chini ya ekseli karibu na springi, wala si chini ya mashua. Ikishainuka, uzito uhamishiwe kwenye stendi za chuma au magogo mapana ya mbao ngumu. Mawe ya ujenzi hayafai kamwe, kwani hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Kukarabati breki

Ndani ya dramu mna vyuma viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo mafundi huviita breki shuu, vilivyobandikwa utando mgumu wa kusugua dramu. Katika gari la kawaida utando huo huisha kwa kulika. Katika trela ya mashua waweza kuonekana mnene kabisa na bado ukawa umekufa, kwa sababu kutu huota kati yake na chuma na kuubandua kutoka nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dramu ikikataa kutoka, utando umeng'ang'ania ukingo uliolika, na dawa yake ni kulegeza kirekebishi cha breki kwanza badala ya kuipiga kwa nyundo. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa hewa wala kwa mdomo, kwani breki za zamani zaweza kuwa na asibestosi. Lioshwe kwa maji na sabuni.

Utando uliobakia chini ya milimita mbili, uliopasuka, uliobanduka au uliolowa grisi haufai tena. Breki shuu hubadilishwa kwa jozi za magurudumu yote mawili ya ekseli moja, la sivyo trela itavuta upande mmoja kila inapofungwa breki. Springi ndogo za kurudishia nazo zibadilishwe, kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko madhara yake.

Dramu ina kipimo cha mwisho cha upana kilichopigwa chapa juu yake. Iliyopita kipimo hicho, au yenye mashimo ya kutu, haikwanguliwi bali hutupwa.

Katika mfumo wa mafuta, mpira wa vumbi wa kila silinda ya gurudumu ufunuliwe kidogo. Ukiwa na unyevu ndani, silinda inavuja. Mabomba ya chuma huoza zaidi chini ya vibanio, mahali ambapo maji ya chumvi hukaa. Bomba la mchanganyiko wa shaba na nikeli hudumu kwa muda mrefu zaidi.

Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4 hufyonza unyevu kutoka hewani, kwa hivyo chupa iliyokaa wazi isitumiwe. Mafuta ya injini yasikaribie kabisa mfumo huo, kwani huvimbisha mipira yake. Hewa hutolewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, msaidizi mmoja akisukuma mtaimbo wa kiungio kwa wenzo huku mwingine akifungua na kufunga kijinati cha kutolea hewa.

Kosa ambalo hurudiwa sana katika breki za waya ni kukaza waya kwenye kiungio ili kufidia utando uliolika. Breki huonekana kushika kwa siku chache, kisha huanza kuburura na kuunguza habu. Utaratibu sahihi ni kuanzia magurudumuni: kila gurudumu lizungushwe kuelekea mbele, kirekebishi kikazwe hadi likwame, kisha kilegezwe hadi lizunguke huru kwa mguso mwepesi. Baada ya hapo ndipo ulegevu wa waya uondolewe.

Beringi na sili

Dramu ikiwa imefunguliwa, haifai kurudishwa bila beringi kukaguliwa. Beringi yenye rangi ya samawati imeungua, na yenye vidoa au mashimo madogo imeliwa na kutu. Hubadilishwa pamoja na kikombe chake kilicho ndani ya habu, kwani beringi mpya juu ya kikombe cha zamani haidumu.

Grisi ya kawaida ya gari huoshwa na maji. Inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa matumizi ya majini, nayo hushindiliwa hadi ijae kati ya vigololi vyote, si kupakwa juu juu. Sili iwe mpya kila mara, na mikono ifutwe kabla ya kushika breki shuu.

Nati ya kati hukazwa gurudumu likizungushwa ili beringi ikae, hulegezwa, kisha hurudishwa kwa nguvu ya vidole tu. Pini ya kuifungia haitumiwi mara mbili. Pini hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha safari salama na gurudumu linaloipita trela barabarani.

Springi na ekseli

Katika springi za mabamba, kutu huota kati ya bamba na bamba na kuyatenganisha kama kurasa za kitabu kilicholowa. Mabamba huvunjika zaidi penye tundu la bolti ya kati au kwenye jicho linaloshika pini. Sehemu hizo zisuguliwe kwa brashi ya waya kabla ya kuamua kwamba springi ni nzima.

Springi iliyovunjika haichomelewi. Moto wa kuchomelea huondoa ugumu unaoifanya springi iweze kupinda na kurudi, nayo hukatika tena kando ya kiungo hicho, aghalabu ikiwa na mzigo.

Kuongeza bamba kutoka kwa springi ya pikapu nako si suluhisho. Trela hubadilika kuwa ngumu kuliko inavyostahili, na kila shimo la barabara hupitisha kishindo moja kwa moja hadi kwenye fremu na kwenye sakafu ya mashua. Springi mpya zilingane na za zamani kwa urefu kati ya jicho na jicho, upana na idadi ya mabamba, na zibadilishwe zote mbili.

Pamoja nazo hubadilishwa bushi, pini na bolti zenye umbo la U zinazoshika ekseli. Bolti hizo zikishakazwa mara moja huwa zimenyooka, kwa hivyo hazirudishwi. Nati zake hukazwa kidogo kidogo kwa kukingamanisha, ili ekseli isivutwe upande.

Fremu igongwe kwa nyundo ndogo karibu na vishikizo vya springi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya chini iliyokufa. Ikibidi kuchomelea chuma kilichopakwa zinki, zinki hiyo iondolewe kwanza na kazi ifanyiwe mahali penye hewa, kwa kuwa moshi wake huleta homa.

Zipo pia trela zisizo na springi za mabamba, ambazo ekseli yake ni bomba lenye fito za mpira ndani. Mikono ya magurudumu ikilegea au ikitofautiana pembe, mpira umechoka na haurekebishiki. Ekseli nzima ndiyo hubadilishwa.

Majaribio

Trela hujaribiwa kwanza ikiwa tupu, kwa mwendo wa polepole, mahali pasipo na watu. Kisha hupakiwa mashua na kuvutwa kilomita chache, na joto la habu zote kulinganishwa.

Nati za magurudumu hukazwa upya baada ya kilomita 50 hivi, na bolti za U baada ya kilomita 100. Waya wa dharura, unaofunga breki iwapo trela itachomoka kwenye gari, usiwe na kutu wala usiwe mrefu kiasi cha kuburura chini.

Hata breki zikiwa mpya, dereva akumbuke kwamba nishati inayopaswa kuzuiwa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Anayetoka kilomita 60 kwa saa hadi 80 huziongezea breki kazi kwa karibu asilimia 78.

Kinga

Ukarabati wote huo hauna maana iwapo trela itarudia maisha yale yale. Inapofika ufuoni, ipumzishwe nusu saa hadi habu zipoe. Ikiwezekana, maji yasipite nusu ya gurudumu.

Ikitoka majini, ioshwe siku hiyo hiyo kwa maji baridi, hasa ndani ya dramu kupitia matundu ya nyuma. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji yenye chumvi, kwa hivyo tangi la maji ya mvua ni hazina kwa mwenye trela. Baada ya kuoshwa, ivutwe mwendo mfupi breki zikitumika, ili joto liikaushe.

Breki ya mkono isiachwe imefungwa trela inapolazwa, kwani utando hugandamana na dramu. Vizuizi vya mbao chini ya magurudumu vyatosha.

Wakati ufaao zaidi wa kufungua kila kitu ni msimu wa kusi, bahari inapochafuka na mashua nyingi za uvuvi wa michezo zikipumzika kati ya Mei na Julai. Ndiyo miezi ambayo trela husimama, na ndiyo miezi ambayo chumvi hula. Atakayezifungua dramu mwanzoni mwa msimu huo atanunua utando na sili. Atakayesubiri hadi bahari itulie huenda akanunua ekseli nzima, au akajua hali ya breki zake akiwa tayari kwenye mteremko.