Sarafu Ninazozinunua

Watu wakijua kwamba ninakusanya sarafu za kale, swali lao la kwanza huwa ni hilo hilo: hii ni ya mwaka gani? Si swali baya, ila halitoshi, na walaghai wengi wametajirika kwa sababu yake. Chukua riale ya Maria Theresa, ile ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria. Mama huyo alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sarafu yake imeendelea kupigwa chapa ya mwaka huo huo, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu walikuwa wameizoea sura hiyo na kuiamini. Katika karne ya ishirini ilichapwa Vienna, na pia Roma, London na Bombay. Kwa hiyo riale iliyoandikwa 1780 yaweza kuwa imetoka kiwandani juzi.

Sisemi isinunuliwe. Ina gramu 28 na ushei, na sehemu kubwa ni fedha. Ninayoikwepa ni ile inayong'aa. Niliwahi kuwekewa mbili mezani katika duka moja la Mji Mkongwe, Unguja: moja safi, kwa bei ya miaka mia mbili, nyingine imechakaa na kutobolewa tundu la kupitishia mkufu. “Mwanangu, hiyo mbovu ya nini?” aliniuliza mzee mwenye duka. Nilichukua mbovu. Hiyo ndiyo iliyokaa kifuani mwa mtu.

Pesa za shaba za Sultani Barghash, zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, zinapendeza lakini zipo tele. Kwa bei kubwa siziguzi.

Tabora ni habari nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza manowari za Waingereza ziliifunga pwani, na sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena. Wajerumani wakajitengenezea zao katika karakana ya reli ya Tabora mwaka 1916: heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, zenye taji na herufi D.O.A. Chapa zake zimekaa ovyo, nyingine zimepinda kidogo, na ndiyo maana nazipenda. Unaiona haraka ya watu waliokuwa wakijua kwamba adui yuko njiani. Septemba ya mwaka huo huo Wabelgiji waliingia mjini. Kwa mtu wa mshahara wa kawaida, hii ndiyo sarafu ya kununua.

Ipo pia ndugu yake ya dhahabu, rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, na zilipigwa kama 16,000 tu. Bei yake ni ya matajiri, na za bandia ni nyingi. Asiye na mizani ya sonara na mtu wa kumwamini aitazame tu kwenye kabati la kioo.

Kisha zipo ambazo siwezi kununua hata kwa bei ya karanga, nazo ni zile ndogo za shaba za masultani wa Kilwa. Sarafu ya Tabora husema yote usoni pake. Ya Kilwa husema nusu tu. Nusu nyingine husemwa na mahali ilipolala. Moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, ilipatikana kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, na kwa hiyo tukapata ushahidi mmoja zaidi wa njia ya dhahabu kutoka bara hadi pwani. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 mchangani katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wanahistoria wanabishana zilifikaje huko. Kama aliyeziokota angeziuza kimya kimya bila kusema alikozitoa, zingekuwa vipande vitano vya shaba iliyolika.